Mto Ulipofika Jikoni

Mto ulichukua jiko siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, fundi cherehani akiwa chumba cha mbele anapiga pindo la sare ya shule. Alisikia kishindo kama cha gunia lililodondoshwa. Alimaliza pindo, akakata uzi, ndipo akaenda kutazama. Mlango wa jikoni ulifungukia hewani. Chini, maji yalikuwa mekundu kwa udongo, na sufuria moja ilizunguka polepole, ikazama.

Akaurudisha mlango, akapiga komeo.

Mumewe alikuwa amefariki miezi saba kabla. Marehemu ndiye aliyejenga nyumba ile, hatua sitini kutoka ukingoni. Alizipima kwa miguu yake. Lakini ilikuwa upande wa nje wa kona ya mto, na huko ndiko mto hupita kwa kasi, ukiutafuna udongo kutoka chini hadi ukingo unabaki umening'inia. Siku ukichoka kuning'inia, unaanguka.

Majirani walishahama. Mjumbe wa mtaa alikuja mara mbili kumsihi ahame, naye mara zote mbili alijibu kwa adabu kwamba ana sare za kumaliza. Hakuwa mkaidi. Hofu ilikuja, ikakosa pa kukaa ndani yake, ikaondoka.

Mwezi uliofuata chumba cha kulala kiliota ufa. Alihamishia kitanda sebuleni, kando ya cherehani. Mteja alipouliza kulikoni, alisema mto umekuwa mwenye nyumba wake, unamhamisha chumba kwa chumba. Mteja alicheka. Yeye aliendelea kumpima kiuno.

Kisha akaja wifi yake, dada wa marehemu, na mkokoteni wa kukodi. Hawakuwa wameonana tangu mazishi. Wifi alizunguka nyumba, akautazama ufa, akarudi kukaa kitandani bila kukaribishwa.

"Nimekuja kukuchukua."

"Nina sare, wifi."

"Utazishonea kwangu. Kaka nimeshamzika. Sina nguvu ya kuzunguka ukingoni nikikutafuta na wewe."

Fundi alisubiri kitu kimjie, kilio au hata hasira. Hakikuja. Aliinama, akaanza kuvua mkanda wa cherehani ili ipakiwe mkokotenini.

Wifi aliishi kwenye kona ya mto iliyofuata, upande wa ndani, ambako maji hupunguza mwendo na kutua mzigo wake wa udongo. Kila mafuriko yalimwachia kipande kipya cha ardhi, na juu yake alilima mboga. Jioni ya kwanza alimpeleka mgeni wake shambani.

"Pengine huu ni udongo wa uwanja wenu," alisema.

Fundi alivua kandambili, akakanyaga. Ulikuwa laini na baridi, kama udongo wowote.

"Huenda," alisema.

Wiki mbili baadaye mjumbe alikuja kuwaambia kwamba nyumba imekwenda yote, asubuhi ile ile. Fundi aliuliza kama kuna aliyeumia. Hakuna. Alimshukuru kwa kuja, akarudi kwenye kola aliyokuwa akiigeuza.

Mchana wifi alimletea chakula palepale kwenye cherehani, kama kila siku, akajiandaa kuondoa sahani ikiwa imeliwa nusu, kama kila siku. Safari hii fundi aliishikilia.

"Chumvi haijakolea," alisema.

Wifi aliiachia sahani. Kisha akaenda kuleta chumvi.