Mbuzi wa Hati ya Filomena

Jumapili, baada ya misa ya pili, Filomena Sint Jago alikaa kwenye kizingiti cha jiko lake akimtoa mbuzi wake kupe. Mbuzi huyo alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita na meno yake yote. Alitokea mwaka ule Shon Efrain, mwanzilishi wa Chama cha Demokrasia ya Kikristo, aliposimama kwenye ngazi za kanisa akatangaza kwamba Filomena atapewa hati ya kiwanja chake, Mungu akipenda. Kabla hajafunga mdomo, mbuzi alidondoka kutoka chini ya koti lake. Masikio yake yalikuwa yamekwisha kukatwa alama ya ukoo wa Sint Jago, kama tunavyowakata mbuzi wetu wote kisiwani, kwa hiyo hakuna aliyeuliza ni wa nani.

Hivyo ndivyo chama kilivyojijengea historia. Kila ahadi ilidondosha mbuzi wake: barabara ilikuwa mbuzi, zahanati mbuzi, bomba la maji beberu anayenuka. Ahadi ikitimizwa, mbuzi wake hutoweka. Katika nusu karne walitoweka watatu, wote wa jamaa za Shon Efrain. Waliobaki hawakufa kwa uzee. Walikula bustani zetu na mashada ya makaburini. Kila uchaguzi chama kiliwachinja kadhaa, kikapika mchuzi mbele ya kanisa, na sisi, watu tusio na haya, tulikula ahadi zetu kwa funchi, ugali wetu wa mahindi, tukalamba vidole, tukaenda kupiga kura. Mbuzi aliyeliwa alihesabiwa kuwa ametimizwa. Mwalimu aliyeandika kitabu cha miaka hamsini ya chama aliandika hivyo hivyo, akapewa medali.

Filomena hakuwahi kumtoa wake achinjwe. Sasa kiwanja chake cha ufukweni kilitakiwa na wenye hoteli, na mwanasheria wao hakutaka kuanza kazi wakati ahadi bado inalia mlangoni. Rignald, mjukuu wa Shon Efrain na kiongozi wa sasa, alikuja mwenyewe, ananukia manukato.

"Shangazi Mena, mzee huyu amechoka. Mwache apumzike, atufae kwenye jubilei ya chama."

"Amechoka kwa kumsubiri babu yako," alisema Filomena. "Hujamletea hata maji, unamtaka nyama."

Rignald alicheka vizuri, kwa meno tuliyomlipia sisi. Kisha akaenda kuongea na watu wake.

Ludwig, mwana wa Filomena, aliendesha gari la maji, kazi aliyopewa na chama. Siku ya pili alirudi nyumbani kwa miguu.

"Wamechukua funguo, Mama. Wanasema nikipeleka mbuzi nitazikuta mezani."

"Na nyumba hii?"

"Sijui. Ila wale wanangu wanne, Mama, hati hawaili."

Filomena alifungua kamba mwenyewe. Nilikuwapo, nikatazama viatu vyangu.

Kwenye jubilei padri alibariki masufuria. Nyama ilikuwa ngumu, ya miaka arobaini na sita, lakini tuliimaliza. Sahani ya kwanza alipewa Filomena, akapigwa picha akitafuna. Rignald alipanda ngazi za kanisa, akaguswa na sauti yake mwenyewe, akasema kwamba Shangazi Mena atapewa kiwanja kingine kizuri zaidi, Mungu akipenda. Mwanambuzi mchanga akadondoka kutoka chini ya koti lake, masikio tayari yamekatwa. Tulipiga makofi. Filomena, mwenye miaka sabini na tisa, alimbeba kifuani akaenda naye nyumbani kumtafutia maziwa.

Jumatatu wapimaji wa hoteli walifika na vigingi. Mmoja wao, kijana mwenye adabu, alimwomba bibi amsogeze mwanambuzi kidogo, maana amelala mahali pa kigingi cha kwanza.

Filomena akamsogeza.