Kijiti cha Mtazoea

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekwenda kuokota kuni na mbwa wetu, Mtazoea, naye amevaa raba zangu za chuo, jozi mbili. Sikushangaa. Nilimwuliza tu kama zinambana.

"Za nyuma kidogo," akasema.

Tulikuwa kwenye msitu wa miti ya miwati ya nyumbani, Njombe, asubuhi ya ukungu, ingawa siku hizi ninaishi Morogoro, chumba kimoja, na ninapikia gesi. Jina la Mtazoea alilitoa Mama, mwaka ule alioachika akarudi kwa wazazi wake, majirani wakawa hawana habari nyingine. Kila jioni alisimama uani akaita kwa nguvu, "Mtazoea! Mtazoea!" Mwishowe wakazoea.

Kwenye kuni kila mtu alikuwa na kazi yake. Mwenye tita kichwani hawezi kugeuka, kwa hiyo mbwa alitembea nyuma yetu, akitutazamia. Na kabla ya kutoka msituni alipewa kijiti chake. Alikibeba mdomoni hadi nyumbani, akakilaza mlangoni mwa jikoni. Mama hakuwasha moto mpaka kijiti kifike.

Siku niliyoondoka kwenda chuo Mtazoea alinisindikiza hadi kituoni. Nilikuwa na sanduku kichwani. Sikugeuka, na nilipoketi ndani ya basi vumbi lilikuwa limeshafunika kila kitu. Tangu siku hiyo sijarudi, kwanza mitihani, kisha kazi. Kila nikipiga simu humwuliza Mama kama Mtazoea hajambo, naye hunijibu, "Ni mzima, Tumsifu, anakula, anakusalimu." Nilikuwa nimepanga kwenda Desemba, nimuage sawasawa.

Sasa, ndotoni, tunaokota. Kuni zinagombania nafasi. Gogo moja nene linasema haliwezi kulala chini ya fito, kwao hawakulelewa hivyo. Ninazifunga zote pamoja, zinanyamaza. Ninakunja kanga kuwa ngata, ninajitwika, na njia inakuwa ukumbi wa chuo, madawati huku na huku, miwati imeota katikati yake. Mwisho wa ukumbi kuna kizuizi. Nyuma ya kizuizi kuna kisiki kilichovaa kofia ya bwana misitu.

"Humu hakitoki kitu kibichi," kinasema kisiki. "Kavu tu. Tua mzigo."

Kinaanza kuhoji ukuni mmoja mmoja. Kila ukuni unaulizwa kama umekufa, na tangu lini, nao unajibu kwa adabu. Mmoja unadanganya. Kisiki kinaukwangua, kinaona kijani, kinauamuru ukajirudishe mtini. Unaondoka ukilalamika kwamba ni kwa mara ya pili wiki hii.

Kisha kinamgeukia Mtazoea. Ninakieleza kwamba huyu si ukuni, ni mbwa wetu wa kutusindikiza, tena ni mzima, Mama kaniambia juzi tu.

"Sijakuuliza wewe, binti. Mbwa, umekufa?"

Mtazoea ananitazama kwanza, jicho lile lile la siku aliyomwaga maziwa.

"Nimekufa," anasema. "Mvua za kwanza, mwaka jana. Mama alisema usiambiwe mpaka umalize mitihani. Mitihani ikaisha, akakosa pa kuanzia."

Kisiki kinampiga muhuri kwenye paji la uso. "Kavu. Pita."

Kinanikwangua mkono kwa ukucha. Kinatazama. Kinatikisa kofia.

"Mbichi. Wewe unabaki."

Ninakisihi kiniache nimsindikize, hata hadi kituoni tu. Kinasema mbwa kashapita, na sheria haijui kituo.

Mtazoea anachukua ngata yangu, anaiweka katikati ya masikio. Ninamtwika tita, maana peke yake hawezi. Halimwelemei.

"Na nyuma atakutazamia nani?" ninamwuliza.

"Wewe. Leo huna mzigo, Tumsifu. Tazama tu."

Ninamchagulia kijiti, ninamtia mdomoni, na hapo maneno yanakwisha. Anateremka. Hageuki, kwa sababu hawezi. Ninatazama mpaka raba zinabaki nukta nne nyeupe, mpaka nukta zinaingia kwenye ukungu, na bado ninatazama.

Nikaamka. Nilimpigia Mama kabla sijanawa uso. Sikumwuliza kama Mtazoea hajambo. Nilimwuliza walimzika wapi.

Nilisikia kuni zikipasuka motoni upande wake.

"Nyuma ya jiko," akasema mwishowe. Kisha, polepole, "Nani kakwambia, mwanangu?"

Nilitazama mlangoni, pale ninapoweka jiko langu la gesi. Kwenye sakafu palikuwa na kijiti cha mwati, kimelazwa vizuri, kina alama za meno, na bado kilikuwa na mate.