Fungu la Kwanza

Ukitaka kukiua kitabu, wape watu wanaotengeneza vitabu.

Jumatatu, bosi wa kiwanda chetu cha uchapaji alitushushia mezani kitabu kinene cha mwanafikra fulani mkubwa, taratibu, kama analaza mtoto mchanga. "Humu mna siri zote za uongozi," akasema. "Kisomeni. Ijumaa nitawauliza. Atakayejibu vizuri ndiye msimamizi wa chumba hiki."

Tukatazamana, watu watatu. Mimi nimepaka gundi migongo ya vitabu humo mpaka vidole vimesahau rangi yake, na usimamizi nilikuwa nauota hata nikiwa macho. Shemeji, mume wa dada yangu, mwendesha mashine ya kukatia karatasi, naye aliumezea mate. Bibi Uzi, mshonaji wetu, alitaka kustaafu tu.

"Tukikate mafungu matatu," Shemeji akasema, huku akikipekua. "Tutabadilishana. Tukimaliza tunakitia gundi, bosi hata hajui."

Nani akatae? Si ndiyo kazi yetu? Mashine ikashuka, kwacha! Yeye akabaki na fungu la kwanza, mimi la kati, Bibi Uzi la mwisho.

Langu lilianza hivi: "na hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika uongozi."

Lipi sasa?

"Shemeji, nionyeshe ukurasa wako wa mwisho."

"Sijafika huko. Mwanafikra hasomwi mbiombio, shemeji."

Bibi Uzi alinipa lake hata sijaomba. "Chukua, mwanangu. Maneno mengi kuliko redio." Lakini Shemeji! Mara analitafakari, mara kalisahau nyumbani. Nikamwendea dada.

"Amesahau?" dada akacheka. "Kaondoka nalo kiunoni, kalifunika na shati. Hata mimi hanikumbatii hivyo. Kwani mnasomea udaktari?"

Ijumaa ikafika, nami kichwa kimejaa kati na mwisho, mwanzo hamna. Bosi akauliza la kwanza, Shemeji akajibu. La pili, Shemeji. Nikachomekea jambo moja zuri sana la fungu la kati. Bosi akanikunjia uso. "Hilo umelitoa wapi? Usinitungie."

Kila swali lilikuwa la fungu la kwanza, na Shemeji alikuwa akiyadaka yote huku amekunja nne.

Akapewa usimamizi. Amri yake ya kwanza: "Shemeji, jalidi kitabu cha bosi."

Hapo ndipo fungu la kwanza lilipotua mikononi mwangu. Kona ya ukurasa wake wa mwisho ilikuwa imekunjwa, na kurasa zote kabla yake zina alama za vidole vya bosi. Kuanzia fungu langu, kweupe. Bosi wetu aliishia pale pale! Na Shemeji, siku ile akikipekua, aliiona ile kona, akaweka kisu papo hapo.

Nikasoma mstari wa chini kabisa: "Wako wanaowaficha wenzao walichojifunza ili waonekane wao tu," na sentensi ikaendelea kwenye fungu langu.

Nikalisogeza fungu langu: "na hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika uongozi."

"Shemeji, huu ukurasa uliusoma?"

"Mara tatu!" akasema, uso mkunjufu. "Yule mtu ana akili, acha tu."

Kisha akaigonga meza kwa kidole. "Paka haraka. Gundi inakauka."