Nywele Katika Chai ya Shule

Alasiri moja mwishoni mwa Agosti, katika mtaa mmoja wa kusini mwa mji wa Sfax, Tunisia, wazazi walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakikaribia videvu, wakimsubiri mwalimu mkuu, Bi Saloua, awatoe wasiwasi. Bi Saloua alikuwa ameagiza chai ya nanaa na makrudhi, vileja vya tende. Mhudumu alipitisha sinia. Chai ilikuwa na nywele.

Hazikuwa za mhudumu, maana yeye alikuwa na kipara. Zilikuwa zikitoka bombani tangu Idi, nyeusi, za kahawia, nyingine za rangi ya hina, na kila unywele ulikuwa na kitone cheupe cha ngozi kwenye shina. Wazazi walizivuta katikati ya meno, wakazilaza ukingoni mwa sahani, wakaendelea kunywa. Chai ya mwenyeji haikataliwi.

Hayet alikuwa amekuja kumwandikisha Rim, binti yake wa pekee, ambaye nywele zilimfika kiunoni. Kando yake alikaa mumewe Mongi, karani wa posta, ndani ya suti ya harusi yao.

"Bi Mkubwa, tumesikia maneno," Mongi alianza. "Kuhusu Bwana Lamjed."

Mwalimu Lamjed, wa madarasa ya chini, alikuwa dirishani akichokoa kucha kwa njiti ya kiberiti.

"Maneno gani, mwanangu?" Bi Saloua aliuliza, kwa sauti ya bibi anayebembeleza mjukuu.

"Kwamba anawang'oa watoto nywele."

"Anawanyoosha. Waliopita mikononi mwake, wote jamani, mwaka huu wamefaulu kwenda shule za wenye vipaji. Nitajieni shule nyingine."

Wazazi walishusha pumzi. Muuza matairi mmoja akasema, "Mimi nilichapwa mpaka nikajikojolea, na leo nina duka!" Watu wakacheka.

Hayet alitaka kusema, lakini unywele ulikuwa umemkwama kooni. Akauvuta. Ukaja. Akazidi kuuvuta, ukajikunja mapajani kama uzi wa kufuma, na mwisho wake kikatoka kipande cha ngozi cha ukubwa wa ukucha, kikiwa bado na damu. Akafunika mdomo kwa kiganja.

"Tema kwenye leso, dada," mama aliyekaa nyuma alimnong'oneza. "Usituchafulie kikao."

"Hii ngozi ya nani?" Hayet aliuliza kwa sauti.

"Maji ya mtaa huu ni mazito, binti yangu," Bi Saloua alijibu. "Tumeshalalamika."

Wazazi wakakubaliana kwamba shule inunuliwe chujio. Wakapiga makofi. Mongi akamwandikisha Rim.

Njiani Hayet alipita kwa jirani yake Zohra, aliyekuwa akitoa mbegu za pilipili uani. Akamfungulia leso. Zohra akapangusa mikono, akaushika ule unywele, akaunusa.

"Huu wa Emna wangu. Nilikuwa namsuka kwa mafuta ya zeituni, nusa mwenyewe."

Emna, binti yake wa miaka minane, alikuwa kizingitini akila tikiti, kitambaa kimekazwa kichwani kwenye joto lote lile.

"Na bado unampeleka?"

"Nimpeleke wapi? Kule ng'ambo ya reli, kwa watoto wa wauza vyuma chakavu? Akitoka kule nani atamwajiri?" Zohra aliuweka unywele mfukoni mwa aproni yake. "Wewe je, wako umeshamwandikisha?"

Hayet akaikunja leso yake.

"Basi tusiulizane, shoga yangu."

Siku ya kufungua shule, kabla ya kifungua kinywa, Hayet alimkalisha Rim kwenye kigoda akamnyoa kwa wembe.

"Mama, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Tulia, nitakukata."

Alipomaliza, kichwa cha mwanawe kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani, na mishipa ilionekana. Hayet akaenda nyuma ya nyumba akatapika, akasukutua mdomo, akarudi kumvalisha sare.

Wengine nao walikuwa wamewaza hivyo hivyo. Mstarini, karibu watoto wote wapya, wa kike kwa wa kiume, walikuwa na vipara vinavyong'aa juani. Bi Saloua aliwapongeza wazazi kwa usafi. Akina mama getini walitazamana, kisha kila mmoja akaangalia viatu vyake.

"Umeona?" Mongi alinong'ona, amefurahi. "Sasa hana pa kushika."

Mwalimu Lamjed alipita mbele ya mstari polepole, mikono mgongoni, akikagua kichwa kimoja kimoja. Alipomfikia Rim alisimama, akafikiri kidogo, kisha akamshika sikio.