Fidla Katika Mnada wa Mavuno

Mimi Efraimu, mwalimu wa kwaya, nimeshauziwa mbuzi kwenye gunia na nimeshachangia harusi ambazo sikualikwa. Lakini kugombea mnadani kitu ambacho nilikwisha kukinunua mwenyewe, hilo nililiona mavuno ya mwaka 1957, na nikilikumbuka kichwa kinaniuma mpaka leo.

Hulda binti Hezekia alikuwa na miaka kumi na sita, na katika kupiga fidla alikwisha kunipita mimi mwalimu wake. Fidla yenyewe ilikuwa ya kitoto, iliyoachwa Njombe na mke wa mmisionari, na mkono wa Hulda ulikuwa umeizidi kabisa. Jumatano angekuja mkaguzi wa muziki kuchagua mwanafunzi mmoja wa kupelekwa chuo cha ualimu. Barua yake ilisema asiyekuwa na fidla ya ukubwa kamili asijisumbue. Tena isingekuwepo nafasi nyingine.

Nikaenda kwa baba yake. Hezekia ana ng'ombe, ana ngano, ana nyumba ya bati. Nilimwambia shida yangu papo hapo uani, usukani wa baiskeli bado mkononi, kwamba atoe nusu ya bei ya fidla kubwa niliyosikia inauzwa Makambako. Akasema hapana, kavukavu. Nikamwambia baba wa namna hiyo ni heri asingezaa, na kwamba kama hataki, fidla hiyo itakwenda kwa watu wengine. Nikageuza baiskeli.

Basi nikatoa akiba yangu yote, nikaenda Makambako kwa Odilo, mpishi mmoja Mkatoliki aliyeachiwa fidla na mlowezi aliyerudi kwao. Nilipochungulia ndani ya tundu lake nikaona karatasi imeandikwa: Nagoya, Japani, 1927. Moyo ukanishuka. Vitu vya Japani tulivyovijua sisi kabla ya vita vilikuwa mabakuli na vitambaa vinavyochuja rangi siku ya kwanza ya kufuliwa.

"Imekaa miaka thelathini," nikasema, "na ni ya Japani."

"Mwalimu," akasema Odilo, "umekuja kupiga au kusoma karatasi?"

Nikapiga uzi wa chini. Sauti ilitoka nzito na safi, nikaona aibu kwa yale niliyoyasema. Nikalipa bila kuomba apunguze.

Sasa sikilizeni akili zangu. Niliogopa kuifunga kwenye baiskeli isije ikapasuka kwa matuta ya barabara. Nikaizungushia blanketi, nikaifunga vizuri, nikampa dereva wa lori la Njombe Jumamosi ile asubuhi, nikamwambia aishushe kanisani kwa mzee wa kanisa, Yoramu. Lori lilikuwa limejaa, mimi nikafuata kwa baiskeli. Nikapata pancha tatu. Tatu, na gundi ya mbili.

Nilifika Jumapili ibada imekwisha, ilikuwa sikukuu ya mavuno. Kwetu sadaka za mavuno huanza kuletwa Jumamosi: ngano, viazi, ulezi, kuku. Zikishaombewa madhabahuni hupigwa mnada nje ya kanisa. Nikasukuma baiskeli mpaka kwenye kundi la watu, nikamwona Mzee Yoramu ameinua fidla yangu juu kama jogoo wa mnada.

Nikamvuta pembeni. "Mzee, hiyo ni yangu."

"Ilishushwa mlangoni mwa kanisa siku ya kuleta sadaka," akasema, "imefungwa kwa heshima, bila barua. Ungekuwa wewe ungedhani nini?"

"Nirudishie basi."

"Imeshaombewa, Mwalimu. Sadaka hairudi. Ukiitaka, nunua kama wengine."

Nilitaka kulia kwa hasira. Nilikuwa nimebakiwa na shilingi ishirini, nikazitaja. Sauti ya nyuma ikasema thelathini. Nikageuka, nikamwona Hezekia.

Nikajua mara moja. Mtu huyu hakutaka binti yake asome, na sasa anainunua akaifungie. Nikasema arobaini, nitalipa mwisho wa mwezi. Akasema hamsini. Sabini. Tisini. Hulda alikuwa amesimama na kwaya, akitutazama kwa zamu mimi na baba yake, na nani angemsikiliza msichana kati ya wanaume wawili waliokwisha kukunja nyuso.

"Mia moja na baiskeli yangu," nikasema. Watu wakacheka. Hezekia hakucheka.

"Mtamba wangu mwekundu," akasema.

Mwalimu hashindani na ng'ombe. Nikaketi juu ya gunia la viazi la mtu, nikaona kwamba nimempotezea Hulda chuo kwa ujinga wangu wa kutoandika barua.

Hezekia akanijia, fidla kwapani, uso umemwiva.

"Mwalimu, una nini na mimi? Ningeipata kwa thelathini. Umenitoa mtamba mzima."

"Ulikataa kumnunulia."

"Nilikukatalia wewe," akasema. "Ulikuja kwangu hukukaa. Hukumsalimu mke wangu. Uliniambia ni heri nisingezaa, mbele ya huyo huyo niliyemzaa. Halafu leo naiona fidla mnadani, nikajua umeitoa sadaka ili kutukomoa. Mwanangu sijamkatalia kitu hata siku moja."

Akamwita Hulda, akampa fidla. Hulda akaiweka begani, na kwa mara ya kwanza mkono wake ulinyooka sawasawa. Akapiga uzi wa chini, ule ule niliopiga Makambako. Hezekia akatazama kando, akajifuta macho kwa kofia.

"Jumatano utampeleka wewe kwa mkaguzi," akaniambia. "Lakini kesho uje kwangu kwanza."

Nilikwenda Jumatatu. Baiskeli niliiacha barabarani. Nikatoa salamu ya kwetu, kamwene, kwa mama Hulda, kwa bibi yake, kwa kila mtoto aliyekuwa uani, nikapewa kigoda, nikakaa. Kando yangu kigingi cha mtamba kilikuwa kitupu, kamba bado imefungwa.