Nyuzi Nyeupe Chini ya Goti

Nasikia ngurumo kabla sijaona chochote. Ni mashine ya kuchambua mkonge, naijua hata ndani ya homa, na mlio wake unafunguka kama lango, napita. Mbele ni barabara isiyo na mwisho, pembeni nyuzi nyeupe zimeanikwa kama mkonge juani, ila hizi zinarefuka nikizitazama. Kuna mtu ananitangulia, namuuliza, hapa wapi? Anageuka. Hana uso, ana sauti ya Mhina, mwenzangu wa kiwandani. Kitendawili, anasema. Tega, namjibu. Hana meno anakula nyama, hana miguu anapanda mlima. Nacheka. Unanitegea mambo ya watoto, mimi niliyejifundisha vina peke yangu? Namghania: mimi simba wa mkonge, sikatwi nikawa tonge. Haya simba, anasema, tazama unapokanyaga. Natazama. Barabara ni ngozi, ni muundi wangu uliosagwa na toroli, ambao Mhina aliukandika makapi mabichi ya mkonge kuzuia damu, kama tufanyavyo sote kiwandani, na mimi nikamsifu kwa beti mbili. Nyuzi zinachipuka hapo hapo, kwenye makapi na udongo wake. Kilima kile mbele ni goti langu. Tunaingia mji wa vioo. Katika kioo cha kwanza nina miguu miwili, nacheza. Katika cha pili nina mguu mmoja na gongo, naghani, watu wanashangilia. Katika cha tatu kuna kitanda kitupu, kimetandikwa. Nakimbilia cha kwanza, mkono unazama, natokea kwenye kitanda kitupu. Ni nyumba moja hiyo, milango miwili, anasema asiye na uso. Nageuka, nyuzi zimefika nusu ya kilima. Kuvu! napiga kelele. Jibu ni kuvu! Umepata, anasema, lakini daktari alikuambia tangu jana, wameshakukwangua kidonda mara tatu, na karatasi yake ya kukubali kukatwa mguu ukaitupa chini.

Nafumbua macho. Jua la saa nne, harufu ya dawa. Mhina yuko kando ya kitanda, ana uso, macho mekundu. Ndugu yangu, anasema, nimekuua. Acha ujinga, namjibu, nani amekufa hapa? Niitie daktari, aje na karatasi yake, akate chini ya goti leo hii kabla kilima hakijavukwa. Dirishani kuna weupe unapepea, pazia au nyuzi, sijui, wala sijui nimelala upande upi wa lango. Lakini namshika Mhina mkono, nasema wodi nzima isikie: nitarudi kiwandani na gongo langu, nitasimama mlangoni, na hakuna atakayekandika makapi kwenye kidonda tena. Wewe utashika ndoo ya maji safi, mimi nitaghani. Nakuahidi, Mhina.