Kona za Kadi ya Lansing

Wendell Hrabak alikuwa ameingoja bahasha ile miezi minne. Ilipofika aliifungulia jikoni, mkewe Dolores akimtazama kama mtu anayemtazama fundi aliyeitwa kurekebisha bomba. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemla sana.

Ndani mlikuwa na kadi yake ya besiboli ya mwaka 1933, yenye picha ya mrusha mpira Chick Lansing. Aliipeleka kwa wapimaji wa kadi za kale waipe daraja la ubora, aiuze kwa bei nzuri kwa wakusanyaji, Dolores apate chumba kwenye nyumba ya wazee ya masista, ile yenye bustani. Imerudi bila daraja. Hata kwenye kasha la plastiki hawakuifungia. Wameandika maneno mawili tu: kingo zimekatwa. Kadi iliyokatwa haina bei tena.

Jumamosi alikwenda kwenye maonyesho ya kadi, katika ukumbi wa wazimamoto hapa mjini Youngstown. Stosh Kowalik, rafiki yake, ndiye aliyemuuzia kadi hiyo mwaka 1981. Alimkuta mezani kwake anakula pierogi, vile vitumbua vya Kipolandi vya viazi na siagi.

"Wee mzee, hujafa tu?" Stosh akacheka. "Kaa. Mbona sura kama umetafuna ndimu?"

Wendell akaiweka kadi mbele yake. "Wameikataa. Eti imekatwa."

Stosh akaacha kutafuna. Hakuishika kadi, wala hakutafuta lenzi. Hapo Wendell akajua.

"Stosh."

"Kona zilikuwa zimechakaa, bwana. Enzi zile nani alikuwa anapima? Tulizinyoosha tu zipendeze."

"Ni wewe?"

"Kwa wembe wa marehemu baba. Mkono wangu ulikuwa bado umetulia."

"Na zile nyingine ulizoniuzia?"

Stosh akajifuta siagi, kidole kimoja kimoja. "Si zote."

"Zipi sasa?"

"Miaka arobaini, Wendell! Nitakumbuka vipi?" Akalisukuma sanduku lake la kadi. "Chagua humu yoyote unayotaka. Chukua hata tano. Sitaki hela yako."

Wendell akazitazama, zimepangwa vizuri, kona kali kama za noti mpya.

"Nitajuaje kama hizi nazo hukuzikata?"

Stosh akainamisha kichwa. "Hutajua."

Jumatatu Wendell aliwapigia masista simu, akawaambia chumba wampe mwingine. Dolores akapelekwa kwenye nyumba ya wazee ya kaunti, ya wasio na uwezo, dirisha lake likitazama maegesho ya magari. Wendell alikwenda kila siku kumlisha. Siku nyingine Dolores alimwita "bwana", kama mgeni, siku nyingine hakumwita chochote.

Stosh alipiga simu mara tatu. Wendell aliiacha ilie.

Miezi miwili baadaye, akasoma gazetini kwamba Stosh amefariki. Alivaa suti, akaendesha mpaka kanisani, akakaa garini akiwatazama watu wakiingia. Kengele ilipolia, akawasha gari akaondoka. Dolores alikuwa hajala mchana.